Bei Isitajwe Mlangoni

Jicho la kushoto la Chance lilikuwa limevimba hadi likafunga kabisa, na Inspekta Syntiche Mwila alilazimika kusogeza kiti ili azungumze na lile lililobaki wazi.

"Nani alikupiga?"

"Bantu ya avenue." Chance alisema polepole, mdomo ukimuuma. "Balinikuta ku soko, banasema njo ile kamionete ilibeba couveuse, mashini ya mayai, ya Mama Clotilde. Habakuniuliza hata jina."

"Na ulibeba?"

"Nilibeba, Chef. Mi ni muntu ya transport. Muntu ananiita, minabeba. Frigo, kitanda, maiti. Siulizake kama kitanda iko ya nani."

Katika Lubumbashi ya siku hizi, mtu akiibiwa, mwizi wa kwanza kupatikana huwa yule aliye karibu na mkono. Mwizi aliyeandika maneno kwenye simu hana uso, hana mgongo wa kupigwa. Dereva anao. Vijana wa Bel-Air, mtaa wa Mama Clotilde, walimpiga Chance mbele ya wauza nyanya, kisha wakamleta kituoni wakiwa na furaha ya watu waliomaliza kazi. Alikuwa amelala mahabusu bila blanketi, na baridi ya Juni haikuwa na huruma kwa sakafu ya saruji.

Syntiche alimpa chai. Akamwacha anywe kwanza.

"Sema yote. Nani alikuita?"

"Mama moja wa Katuba, Mama Benita. Akasema tuende Bel-Air kubeba mashini ya kuangulia mayai, alishauza kwa muntu. Tukafika. Mama Clotilde akafungua mulango. Tukangoja kidogo inje. Mama Benita akaangalia telefone yake, akasema iko sawa. Mama Clotilde naye akaingia mu nyumba na telefone yake, akarudi, akasema iko sawa. Tukabeba."

"Walizungumza nini?"

Chance alishusha kikombe. "Ile njo ilinishangaza. Habakusema bei. Chef, hapa kwetu bantu banabishana bei ya fungu ya mboga ya lengalenga mpaka jua inashuka. Pale mashini mukubwa vile inatoka mu nyumba, na hakuna mwenye alitaja feza. Nikasema mu roho, pengine ni bandugu."

Syntiche aliandika sentensi hiyo neno kwa neno. Kisha akamwambia askari wa zamu amtoe Chance mahabusu, akae kwenye benchi la uani, juani.

Mlalamikaji aliingia na binti yake. Mama Clotilde alikuwa mjane mwenye sauti nzito, mmoja wa wale wanaoongoza wimbo parokiani bila kuombwa. Mumewe alikuwa fundi wa reli. Alipostaafu alinunua mashine ya kuangulia mayai, na baada ya kifo chake mashine hiyo ndiyo iliyowalisha. Binti yake Deborah, msichana wa miaka ishirini na kidogo, alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba juu ya magoti, akimkamilishia mama yake maneno.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mama Clotilde aliamua kuiuza mashine. Deborah akaipiga picha na kuiweka Facebook, kwenye ukurasa ambako watu wa mji huuziana vyombo. Akajitokeza mnunuzi, Papa Casimir, mwenye kuandika kwa adabu. Akasema atamtuma mfanyakazi wake wa kike aje na gari, na atalipa kwa simu mara tu mashine ikiwa tayari mlangoni. Mfanyakazi alipofika, ujumbe wa malipo ukaingia. Mashine ikatoka.

"Feza iliingia," alisema Mama Clotilde. "Ni kesho yake asubuhi njo nilienda ku kabini ya feza ya telefone kuitoa, mwenye kabini akasema hakuna kintu. Ikakuwa imerudi."

"Ilirudi namna gani?"

Deborah ndiye aliyejibu. "Bale bamwizi bako na namna yao, Mama Inspekta. Banatuma, kisha banaita kampuni, banasema balikosea namba, kampuni inabarudishia. Iko mingi mu internet."

"Ulisikia sauti ya huyo Papa Casimir, mama?"

"Hapana. Alikuwa anaandika tu. Macho yangu haisome vizuri, Deborah njo alinisomea."

"Siku ingine," Syntiche alisema, "kintu haitoke mu mulango kama weye mwenyewe haujaangalia solde, feza yenye iko mu telefone. Message ni maneno. Kila muntu anaweza andika maneno."

"Tuliangalia," alisema Mama Clotilde, kana kwamba ametukanwa. "Mi siko mujinga. Na tena, nani asiyejua bale bantu ya Kasai na biashara yao? Ule mama wa Katuba ni wa kule. Umukamate, mashini yangu irudi."

Syntiche hakuandika neno lolote kuhusu Kasai.

Chance alimpeleka Katuba kwa kamionete ileile, na jicho lake moja. Mtaa ulikuwa hauna umeme tangu alfajiri. Benita aliwafungulia akiwa ameshika birika la maji ya moto, hakuuliza wao ni nani, akarudi ndani haraka. Walimfuata hadi chumba cha nyuma. Mashine ilikuwa pale, kabati la bati lililopakwa rangi ya kijani, urefu wa mtu mzima. Benita alikuwa akijaza maji kwenye chupa za plastiki na kuzipanga chini ya trei za mayai. Kwenye kona, mbabula, jiko la makaa, ilikuwa nyekundu.

"Munikubalie nimalize," alisema. "Joto ikishuka sasa, bitoto binakufa."

Alimaliza, akafunga mlango wa mashine, akajifuta mikono kwenye kitenge. Ndipo akaona sare.

Benita alikuwa na umri wa Deborah na miaka michache juu yake. Aliishi na watoto wawili, na mume aliyekuwa machimboni Kambove, ambaye siku za karibuni alituma salamu zaidi ya kitu kingine. Mayai yaliyokuwa mle ndani, alisema, ni ya mbegu, yalitoka Zambia, yakavushwa mpakani Mokambo na mfanyabiashara aliyemwamini akamkopesha.

"Kwa plainte, mashtaka ya Mama Clotilde wa Bel-Air," Syntiche alisema, "mashini hii iliibiwa. Na mwizi ni weye."

Benita alitazama mashine, akamtazama yeye. "Nililipa, Mama. Nililipa mbele ya mulango yake, mi nasimama na yeye anasimama."

"Ulimulipa nani?"

"Papa Casimir. Mwenye mashini."

Alitoa simu. Syntiche alisoma ujumbe wote, tangu salamu ya kwanza. Papa Casimir huyu hakuwa mnunuzi. Alikuwa muuzaji. Alikuwa amemwandikia Benita kwamba mashine ni yake, ila imehifadhiwa Bel-Air kwa shangazi yake. Aende aione, aiguse, alipe akiridhika. Na chini kidogo: *Bei usiitaje mbele ya tantine. Ni muzee, akisikia atataka kuongeza, na mimi nilishakupa neno langu.*

Syntiche alifungua faili lake. Katika maelezo ya Mama Clotilde, Papa Casimir alikuwa ameandika: *Mufanyakazi wangu akifika, usimutajie bei. Atapeleka maneno kwa bibi yangu.*

Alisoma ile ya kwanza tena, kisha ya pili. Mtu mmoja alikuwa amesimama katikati ya wanawake wawili waaminifu, akawaziba midomo wote wawili. Mmoja alitoa mali, mwingine alitoa fedha, kila mmoja akaondoka na uhakika wake, na uhakika wa kila mmoja ulikuwa ushahidi dhidi ya mwenzake. Swali moja tu mlangoni, ni bei gani umelipa, lingeuvunja ujanja wote.

"Hukumuomba akupigie simu?"

"Nilimuomba. Akasema mikro ya telefone yake ilikufa. Nikaona ni mambo ya kawaida." Benita aliitazama mashine. "Sasa minaona haikuwa ya kawaida."

"Haikuwa. Muntu mwenye anakuuzishia kintu ya bei ile na hawezi kukusemesha, unamuacha."

Umeme ulirudi, taa ya mashine ikawaka. Benita alienda kufungua mlango atoe chupa. Aliuinua kidogo kwanza, kisha ndipo akauvuta.

"Nani alikufundisha kuufungua vile?"

"Ni Papa Casimir. Aliniandikia, mulango inakwamaka, uinue mbele ya kuvuta."

Syntiche aliziangalia tena picha zilizowekwa Facebook. Katika zote mlango ulikuwa umefungwa. Hakuna picha duniani inayoonyesha mlango unaokwama. Hilo hulijua mkono tu.

"Donc nani mwizi?" Benita aliuliza.

"Sijue bado. Usihamishe mashini hapa. Usimupatie muntu, hata akija na maneno yangu."

Kampuni ya simu ilijibu ombi lake baada ya kusumbuliwa mara nyingi. Namba ya Papa Casimir ilisajiliwa kwa jina la Rigobert fulani, mwuza samaki wakavu wa Pweto, kando ya ziwa. Syntiche alimtafuta kupitia polisi wa kule, akampata kwenye simu, mzee anayepiga kelele kana kwamba ziwa zima liko kati yao. Hajafika Lubumbashi kwa miaka mingi. Ila alipofika mara ya mwisho alinunua laini chini ya mwavuli wa mwuza kadi karibu na soko. Kijana alimpiga picha mara mbili, akasema ya kwanza imekataa.

"Ilikataa ku weye," Syntiche alimwambia. "Ku yeye ilikubali."

Kwa picha ile ya ziada kijana alisajili laini nyingine kwa jina la mzee, akamuuzia mtu mwingine. Njia ya Pweto ikafa hapo. Waliouziwa laini za mwavuli ni wengi, na mwavuli haukuwepo tena.

Lakini jibu lilikuwa na ukurasa wa pili, na huo Syntiche aliusoma amesimama. Siku ile, kwenye akaunti ya Mama Clotilde hakukuwa na fedha iliyoingia. Hakukuwa na iliyorudi. Hakukuwa na chochote.

Fedha ambayo haikuingia kamwe, Mama Clotilde aliionaje?

Alikwenda Bel-Air peke yake. Baadaye alijilaumu kwa hilo, maana mpelelezi anayekwenda peke yake hurudi na masikio yake tu, na masikio hayatii sahihi. Walikuwa sebuleni, mama akichambua sombe, majani ya muhogo, binti akipiga pasi. Ukutani palikuwa na picha ya mwana mkubwa, Fils, amevaa suti.

"Mama Clotilde, unionyeshe ile message."

Mama aliitafuta simu, akampa. Ujumbe ulikuwa umeandikwa kwa Kifaransa kizuri, na juu yake lilisimama jina la huduma ya fedha ya kampuni, kama lilivyo kwenye jumbe zote za kweli. Syntiche alilibonyeza lile jina. Chini yake ikatokea namba ya kawaida, namba ya mtu. Namba ya Rigobert wa Pweto.

Kisha akageuza kioo cha simu kuelekea kwa mama.

"Hii jina, kampuni haikuituma. Mwizi alituma message na namba yake. Jina iliandikwa humu ndani, mu telefone yako, na muntu mwenye alikuwa anaishika. Aliandika namba ya mwizi, akaipatia jina ya kampuni. Ni weye?"

"Mi minajua kuitika tu," alisema Mama Clotilde. "Kuandika majina ni Deborah."

Pasi ilikuwa imetua juu ya shati. Deborah aliinua, akaisimamisha.

"Uliniambia muliangalia solde," Syntiche aliendelea, bado akimtazama mama. "Nani aliangalia?"

Vidole vya Mama Clotilde viliendelea kuvunja mabua ya sombe, moja, jingine.

"Deborah," Syntiche alisema. "Papa Casimir alijuaje mulango ya mashini inakwama?"

Msichana aliichomoa pasi ukutani kwanza, akaukunja waya wake vizuri.

"Mama, umuambie nani alikuwa anageuza ile mayai."

"Deborah."

"Toka niko mu sixième primaire, mutoto mudogo. Asubuhi mbele ya masomo, mangaribi kiisha masomo. Umeme ikienda, ni mi ninabeba maji ya moto. Fils hakugeuza hata moja. Ulisema, mayai hii ni minerval yako, feza ya masomo, Deborah, utaingia université. Nilingoja mwaka wa kwanza. Nilingoja wa pili. Kisha ukasema tunauzisha mashini, juu ya Fils iko na ndoa, familia ya bibi banataka mahari."

"Ni kaka yako."

"Ni kaka yangu. Na mi niko nani?"

Alimgeukia Syntiche. "Nilisema ataenda kuiona feza haiko, atalia, itapita. Sikujua batapiga muntu ya transport. Ule mama wa Katuba..." Akalikunja shati. "Ule sikumuwaza sana."

"Feza yake iko wapi?"

"Ilishalipa minerval. Minaanza masomo mu rentrée, mwaka mupya wa masomo."

Syntiche alinyoosha mkono kuichukua simu iliyokuwa imebaki kwenye goti la mama. Mkono wa Mama Clotilde ulifika kwanza. Aliichukua, akaifunga ndani ya pindo la kitenge chake, akalibana fundo.

"Mama, ile telefone ni ushahidi."

"Ulete karatasi ya Procureur," alisema Mama Clotilde. Sauti ya parokiani ilikuwa imeondoka. Hii ilikuwa kavu. "Weye uliingia mu nyumba yangu bila karatasi."

"Ulikuja weye mwenyewe kunililia, mama. Mutoto amesema mbele yako."

"Amesema nini? Mi sikusikia kintu. Deborah, ulisema kintu?"

Deborah alimtazama mama yake. Pengine ilikuwa mara ya kwanza, tangu baba afe, mama huyo kusimama upande wake.

"Hapana," alisema.

Karatasi ilipopatikana, simu ilikuwa imeanguka ndani ya ndoo ya maji. Mama Clotilde aliileta kituoni mwenyewe, imefungwa kwa kitambaa, na pamoja nayo alileta neno jipya. Alikuwa amefikiri sana, amesali, na anasamehe. Hana mashtaka dhidi ya mtu yeyote. Anataka mashine yake tu.

Mwendesha mashtaka, yaani Procureur, aliona hilo ni jema. Faili lilikuwa dogo na meza yake ilikuwa imejaa migodi na viwanja. Mashine ni ya mama huyu, alisema, hakuna aliyebisha. Hakulipwa, kampuni imethibitisha. Basi irudi kwake. Syntiche alisema kuhusu msichana. Akaulizwa nani alisikia. Alisema kuhusu mayai, kwamba yamebakiza siku chache, wangoje tu yaanguliwe.

"Inspekta," mwendesha mashtaka alisema bila ubaya, huku akitia sahihi, "sheria haina kifungu cha mayai."

Siku ile kulikuwa na upepo mkavu uliosukuma vumbi jekundu chini ya milango. Mama Clotilde alifika Katuba na gari la kukodi na vijana wawili. Syntiche alikuwa ametangulia kumwambia Benita, na Benita alikuwa hajalia. Alikuwa ametandika blanketi ndani ya beseni kubwa, akawasha mbabula mbili, akaziba dirisha kwa gunia.

Chumba kilikuwa kimya walipoingia, na kwa hiyo wote waliisikia. Sauti ndogo, nyembamba, ikitoka ndani ya kabati la bati. Kisha nyingine ikaijibu. Vifaranga huanza kulia ndani ya ganda kabla ya kulivunja. Mama Clotilde alikuwa ameishi na sauti hiyo miaka yote ya ujane wake, hakuhitaji kuambiwa ni nini.

"Mama Clotilde," Benita alisema. "Uniachie mpaka binatoka. Kiisha, minakuletea mashini mi mwenyewe, kwa kichwa kama feza ya gari haiko. Minakupatia na nusu ya bitoto."

Mama Clotilde aliweka kiganja juu ya bati la kijani, mahali palipokuwa na joto.

"Mama," Syntiche alisema, "karatasi inasema unaweza kubeba. Haiseme ubebe leo."

"Nikiiacha," alijibu, hakumtazama yeyote, "bantu batauliza, juu ya nini amemuachia? Batasema, anajua kitu. Batasema, mutoto yake njo aliiba. Mi niko na mutoto mwenye anaingia université." Alivuta pumzi. "Hamunipendi, minajua. Mungu atabitazama bile bitoto."

Akainama, akachomoa waya ukutani.

Benita mwenyewe ndiye aliyetoa mayai. Hakutaka vijana wayaguse. Aliinua mlango, akauvuta, akayahamisha mawili mawili hadi kwenye beseni, akayafunika. Alipomaliza, vijana walibeba mashine, ikagonga kizingiti cha mlango, na mmoja akaomba samahani, bila kujua anamwomba nani. Gari likaondoka.

Syntiche alibaki. Alisaidia kubadilisha chupa za maji hadi adhuhuri. Mayai mengi yalinyamaza yakiwa na tundu dogo tu kwenye ganda. Machache yalipasuka, na vilivyotoka vilikuwa vimelowa, havikuweza kusimama. Benita alivikausha kimoja kimoja kwa ncha ya kitenge, akavipanga karibu na moto. Watoto wake walisimama mlangoni wakikatazwa kuhesabu.

Alipopata nafasi, Syntiche alitoa faili jipya.

"Plainte ya Mama Clotilde imekufa. Ya kwako haijazaliwa," alisema. "Weye ulilipa kweli. Feza ya kweli inaacha njia. Ukitia plainte, kampuni italazimika kusema iliingia wapi, na université italazimika kusema nani alilipiwa. Hapo haihitaji masikio yangu."

"Itachukua siku ngapi?"

"Sitakudanganya. Mingi."

"Na mwenye alinikopesha mayai anakuja juma hii."

"Minajua."

Benita alinawa mikono. Aliketi kwenye kigoda, akasimulia yote tangu mwanzo kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na Syntiche akaandika. Palipohitajika jina la mshtakiwa, aliandika la Deborah. Akamsomea. Akampa kalamu.

Benita hakutia sahihi mara moja. Aliliangalia lile jina.

"Huyu simujue," alisema. "Sijapata hata kuona uso yake. Aliniibia, sawa, alipe. Lakini hakusikia bitoto binalia."

Kisha akainama, na chini ya jina la Deborah, kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema, akaandika: CLOTILDE. Ndipo akatia sahihi yake.

Syntiche alijua utaratibu. Karatasi ya namna hiyo hurudishwa. Mama yule alikuwa amebeba mali yake, kwa amri halali, mchana, mbele ya polisi.

"Procureur atalikata ile jina," alisema.

"Akate yeye," Benita alisema, akamrudishia kalamu, akaenda kugeuza chupa.

Syntiche alisubiri wino ukauke. Alifunga faili likiwa na majina yote mawili, akalipeleka mjini.